Fundi Anajibu: Redio ya Kutembea Nayo Alfajiri

Tangu mvua zikatike, barua za ukurasa huu zimebadilika. Awali mlikuwa mkiniuliza kwa nini redio inakwaruza, au kwa nini inamaliza mawe, yaani betri, ndani ya wiki. Sasa wengi mnauliza redio ya kufanyia mazoezi. Barua hizi zimenigusa, kwa sababu redio ndiyo kazi yangu tangu mwaka 1987, nilipokaa mara ya kwanza kwenye meza ya ufundi karibu na soko hapa Mtwara, na kutembea nako nimekuanza ukubwani, kwa amri ya daktari.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini, naishi Shangani. Nina miaka 46. Nimekutwa na presha, nimeambiwa nitembee haraka haraka kila siku. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nateremka ufukweni, nazunguka hadi nyumbani. Nikitembea kimya nachoka upesi, ila nikiwa na redio saa nzima inapita sijui imepitaje. Simu sitaki kuibeba gizani. Dukani nimeonyeshwa redio tatu. Ya kwanza ni kubwa, ina tochi na sola. Ya pili ni ndogo, inaingia memori kadi na ina taa za rangi. Ya tatu ni ya mfukoni, haina kitu chochote zaidi ya redio, nayo ndiyo ghali kuliko zote. Nina shilingi 40,000 na zote zinaingia humo. Nichukue ipi?

Marahaba mwalimu, na pole na presha. Chukua ya tatu. Ila usimpe muuzaji hela mpaka uwe umeijaribu kama nitakavyokueleza.

Ile kubwa ni redio nzuri ya kuweka dirishani, au ya kwenda nayo shambani msimu wa korosho. Kutembea nayo ni adhabu. Jiwe moja kubwa linaweza kufika uzito wa gramu 140, na redio za aina hiyo hula mawili au zaidi. Baada ya dakika kumi mkono mmoja unavutwa chini, bega linapinda, unaanza kutembea upande upande. Halafu ile antena ya kuvuta, ukiwa unatembea kwa kasi gizani, ncha yake iko usawa wa jicho.

Ya pili nimezifungua nyingi za namna yake mezani kwangu. Hela yake imekwenda kwenye spika, kwenye taa na kwenye kusoma kadi. Upande wa redio umepewa kipande kifupi cha waya, basi. Kama unataka kaswida au taarabu uliyojiwekea mwenyewe, itakufaa sana. Kama unataka stesheni, itakutesa kila ukipinda kona.

Sasa hiyo ya tatu. Redio ya mfukoni haina antena ya kuonekana. Antena yake ni waya wa hedifoni. Jambo hili nalirudia kila siku mezani, kwa sababu watu huleta redio nzima wakisema imekufa, kumbe wamefupisha waya kwa kuufunga fundo ili usining'inie. Stesheni za FM hukaa kati ya megahezi 87.5 na 108. Katikati hapo, kwenye 100, wimbi moja lina urefu wa mita 3, na antena hulipokea vizuri ikiwa robo ya urefu huo, yaani sentimita 75 hivi. Waya wa hedifoni wa kawaida unazidi mita moja, kwa hiyo unatosha kabisa, almuradi umenyooka. Upitishe begani, ubane kwa pini kwenye khanga au fulana. Usiuviringe mkononi wala usiusokote mfukoni.

Ukifika dukani, mwombe muuzaji mtoke nje. Chini ya bati, katikati ya taa na chaja zinazowaka, huwezi kujua redio ni mbovu au ni mazingira. Usitafute stesheni yenye nguvu ya hapa mjini, hiyo kila redio inaishika. Tafuta ile dhaifu kuliko zote unazozijua, ya mbali, kisha tembea hatua ishirini, geuka, rudi. Redio nzuri itapungua kidogo na kurudi. Mbaya itaipoteza kabisa na kushika nyingine.

Kisha tafuta swichi ndogo ya kufunga vitufe. Ifunge, tia redio mfukoni, rukaruka kama watoto wanavyoruka kamba. Usione haya, mwalimu, hela ni yako. Kama stesheni imehama, rudisha. Redio zenye gurudumu la kuzungusha huhama zenyewe zikisuguana na nguo, na hutafurahia kusimama kila baada ya nguzo mbili kuitafuta taarifa ya habari.

Angalia pia kama ina swichi ya kuchagua stereo au mono. Nitakwambia sababu punde.

La mwisho ni betri. Mimi napenda zinazotumia betri za AA, zile za saa ya ukutani, kwa kuwa hata genge la Mikindani wanazo. Zile bapa zilizotoka kwenye simu za zamani, BL-5C, nazo ni nzuri kwa sababu zinatoka na kuchajiwa. Lakini ukiona BL-5C imeandikwa 3000 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba, huo ni uongo. Ya kweli ni kama 1000. Redio inayokula miliampea 50 itakwenda nayo saa 20, na kwako wewe hiyo ni zaidi ya wiki mbili. Redio ambayo betri yake imefungiwa ndani bila mlango, iache. Betri ikichoka redio nzima inakwenda jalalani.

Chenji ikibaki, nunua hedifoni ya pili ya waya. Waya hukatikia pale unapoingia kwenye pini, na huwa unakatika siku ambayo hukupanga.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo roho yangu ilipo. Miaka minne iliyopita nilikuwa natembea barabara ya Mikindani, hedifoni masikio yote mawili, sauti juu. Bodaboda ikanipita kutoka nyuma, kioo chake kikanigonga kiwiko. Watu waliokuwa wamekaa chini ya mkorosho waliniambia yule kijana alipiga honi tangu mbali, akapiga tena, akapiga tena. Mimi sikusikia hata moja. Nilikaa kando ya barabara mpaka magoti yalipoacha kutetemeka, na tangu siku ile sijawahi kuziba masikio yote nikiwa njiani.

Kwa hiyo, mwalimu, tembea upande wa kulia wa barabara ili magari ya upande wako yaje yakikutazama. Ukifanya hivyo, barabara yote iko kushotoni kwako. Basi hedifoni iingie sikio la kulia, na la kushoto libaki wazi. Hapo ndipo ile swichi ya mono inapofanya kazi. Kwenye stereo sauti imegawanywa, sikio moja linaweza kukosa nusu ya kinachopigwa. Kwenye mono yote inakuja pamoja, na mikwaruzo ya stesheni dhaifu hupungua pia. Kile kipande kingine cha hedifoni kiache kining'inie kifuani, bado kinakuvutia mawimbi.

Sauti iwe ya kadiri. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, lakini wewe huna kipimo mfukoni. Kama mtu aliye umbali wa mkono akikwambia “hujambo” humsikii, punguza.

Na redio itakusaidia kuhesabu. Shirika hilohilo linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa kasi kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano. Ukitoka saa kumi na moja na nusu, taarifa ya habari ya saa kumi na mbili itakukuta nusu saa imetimia, na kinachozidi ni faida yako. Kasi yenyewe ni ile ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Presha ikikusumbua njiani, kizunguzungu au kifua kubana, simama, zima redio, tafuta mtu.

Babu fundi, shikamoo. Nipo Lindi, nina miaka 19, nakimbia jioni kutoka Mitwero kuja mjini. Nina simu yenye redio na hedifoni za Bluetooth. Nikifungua redio inaniambia chomeka hedifoni, na wakati nimezivaa! Nikisikiliza mpira kwa intaneti, Namungo wakifunga nasikia watu wa vibandani wanashangilia, mimi kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja. Nifanyeje?

Marahaba mjukuu wangu. Simu yako inasema kweli. Haitaki hedifoni kwa ajili ya masikio yako, inautaka waya kwa ajili ya antena. Bluetooth hubeba sauti tu, mawimbi ya FM haiwezi kuyadaka. Chomeka hedifoni yoyote ya waya, hata ile ambayo upande mmoja umekufa, na redio itafunguka. Simu nyingine zitakuruhusu kuacha waya umechomekwa huku sauti ukiitoa kwenye spika. Kama simu yako haina tundu la hedifoni, hapo nunua redio ndogo, usipoteze muda.

Kuhusu mpira kuchelewa, huo hauna dawa. Matangazo ya intaneti hukatwa vipande, hutumwa, hukusanywa kwenye simu yako kidogo kidogo kabla ya kuanza kupigwa, ili yasikatikekatike. Kukusanya huko ndiko kunakokuchelewesha. FM haina kungoja. Mtangazaji akipiga kelele uwanjani Ruangwa, kelele hiyo inakufikia karibu papo hapo.

Kisha kuna bando. Matangazo ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 58 kwa saa moja. Ukikimbia saa moja kwa siku tano, hiyo ni karibu MB 290 kwa wiki kwa kitu ambacho hewani ni bure. Wewe ni kijana, hela hiyo nunua viatu.

Na Lindi ina vilima, nadhani umeona sauti inakufa sehemu fulani za njia. FM husafiri kama mwanga, kilima kikikaa kati yako na mnara, mawimbi yanakatika. Hakuna redio ya kununua itakayokitoboa kilima. Sogea upande wa bahari, itarudi.

Fundi habari za kazi. Ninanunua redio iliyoandikwa haiingii maji, sababu natoka jasho sana na baada ya mazoezi naingia baharini. Niiamini? Msomaji, Mtwara.

Nzuri ndugu yangu. Usiamini maneno, tafuta herufi. Kwenye boksi kuwe na IPX na namba. IPX4 maana yake inavumilia maji ya kurukiwa kutoka upande wowote, na kwa jasho na manyunyu inatosha. IPX7 maana yake inaweza kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Ila kipimo hicho hufanywa kwa maji baridi, maji yasiyo na chumvi. Bahari ni habari nyingine.

Mimi niliuziwa moja iliyoandikwa maneno matupu bila namba. Mwezi wa pili tangu niinunue ilinyamaza. Nilipoifungua, vibati vya betri vilikuwa vimeota kijani na mpira wa kuziba maji haukuwamo kabisa, palikuwa na mfereji wake tu, mtupu. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshawaelekeza wateja watatu wakanunue hiyohiyo. Niliwatengenezea zao bila malipo zilipokuja.

Huku kwetu chumvi haitoki baharini peke yake. Iko kwenye jasho, na iko kwenye upepo wa kusi unaopiga Shangani. Ukirudi nyumbani, toa betri, futa redio kwa kitambaa kilicholowekwa kidogo maji ya bomba na kukamuliwa, kisha kikavu. Vibati vya betri visugue kwa mswaki wa zamani na spiriti mara moja kwa mwezi. Ukiingia kuogelea, redio ibaki kwenye mfuko wa plastiki wenye kufungika, kivulini, siyo juani. Betri ya kuchaji ikivimba, usiibonyeze wala kuichaji tena.

Kaka fundi, sisi ni kina mama wa Chikongola, tunafanya mazoezi pamoja Jumamosi asubuhi, tumefika ishirini na wawili. Tunataka redio ya kikundi. Kila mmoja anatuambia tununue spika kubwa. Ushauri wako?

Dada zangu, hongereni. Kwa kikundi hedifoni hazihusiki, hapa ile redio kubwa yenye sola ndiyo mahali pake. Iwekeni juu ya kiti au ukuta mfupi, usawa wa kifua, isiwe chini mchangani, maana mchanga na nyasi hunyonya sauti. Simameni nusu duara mbele yake. Mkifanya hivyo hamtahitaji spika ya harusi, na jirani aliyelala hatawachukia.

Barua yenu imenikumbusha marehemu baba. Mwaka 1973, kulipokuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi kusikiliza redio. Kikundi cha baba kilikuwa kijijini, Newala, redio moja imewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Walisikiliza kipindi, wakakizungumza, halafu wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani ya mbu. Mama alikuwa akituhadithia kwamba majembe waliyaegemeza kwenye mti kabisa kabla kipindi hakijaanza. Nyinyi nanyi vaeni viatu kabla ya kuwasha.

Fundi, mimi nipo Newala, karibu na Shimo la Mungu. Nikitembea usiku redio yangu ya AM inashika Kireno. Imeharibika?

Haijaharibika. Jua likizama, mawimbi ya AM hurudishwa chini na tabaka la juu la anga na kufika mbali sana, na wewe mbele yako ni Ruvuma na Msumbiji. Geuza redio taratibu kama dira. Ndani mwake kuna kijiti cheusi cha antena, na kikielekea vingine stesheni moja hufifia na nyingine hupanda.

Shikamoo mzee. Baba yangu ana miaka 71, tunaishi Mikindani. Macho yamepungua sana, anaona mwanga tu. Kila asubuhi anatembea mwenyewe kwa fimbo kutoka nyumbani hadi msikitini na kurudi, na baada ya swala anaongeza mzunguko mmoja kando ya bahari. Anaomba redio. Nimnunulie yenye hedifoni nzuri za aina gani?

Marahaba mwanangu, na unisalimie mzee wangu. Usimnunulie hedifoni hata moja.

Baba yako anatembea kwa masikio. Bajaji ikiwashwa, baiskeli ikija, ukuta ukirudisha sauti ya fimbo, mawimbi yakimwambia bahari iko upande gani, hayo ndiyo macho yake. Hata ule ushauri niliompa mwalimu wa sikio moja, kwake haufai. Mtu hutambua sauti inatoka upande gani kwa masikio mawili, na yeye anayahitaji yote.

Mnunulie redio ndogo yenye spika, nyepesi, ya betri za AA, yenye kamba ya kuvaa shingoni. Aivae kifuani, spika ikitazama mbele, sauti ya chini, ya kusikika na yeye peke yake. Akifika penye kuvuka azime kwanza. Kwa hiyo kitufe cha kuzimia kiwe kikubwa na kiwe pembeni, siyo katikati ya vingine. Zile za kugusa kioo usizikaribie. Chagua yenye vitufe vya kukariri stesheni, vinavyobonyea na kulia “tik”, kwa kuwa gurudumu la kuzungusha litamsumbua.

Nenda naye dukani. Mwache azishike mwenyewe, azime na kuwasha mara kumi, wewe nyamaza. Ile ambayo vidole vyake vinafika bila kutafuta ndiyo yake, hata kama nyingine ina sauti nzuri zaidi.

Mkirudi nyumbani, muulize stesheni anazopenda. Ikariri ya kwanza kwenye kitufe namba moja, kisha dondosha tone la gundi ngumu juu yake, liache likauke usiku mzima. Kwenye namba mbili weka matone mawili. Kitufe cha kuzimia kibandike kipande kidogo cha msasa, kiwe na ukali wake. Ukikwama, mlete mzee pamoja na redio mezani kwangu, nitaifanya kazi hiyo yeye akiwa amekaa pembeni.